Kiwango Kipya Hufikaje Tura?

Mkazi wa Tura anayejenga nyumba hununua saruji, nondo, bati na mabomba ambayo ubora wake umekwisha kuamuliwa na watu asiopata kuwaona. Viwango vya bidhaa hizo hurekebishwa kila baada ya muda, kwa kuwa teknolojia hubadilika, ajali hutokea na elimu ya afya huongezeka. Katika somo hili tunaeleza kinachofuata baada ya marekebisho hayo: nani hukipa kiwango nguvu ya kisheria, halmashauri huingia wapi, na kwa nini jambo lililokubaliwa Dar es Salaam huweza kuchukua miaka kabla ya kuonekana katika nyumba moja ya kata ya Tura, wilayani Uyui.

Tura tumeichagua kwa makusudi. Misafara iliyotoka pwani, ikishavuka nyika kavu ya Mgunda Mkali, ilifika Tura kwanza, mpakani mwa Unyamwezi, ndipo ikaendelea hadi Tabora. Burton, aliyepita hapo pamoja na Speke mwaka 1857, aliandika kwamba jina lenyewe linatokana na agizo la kutua mizigo. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, mizigo ya vichwani ikahamia kwenye mabehewa, na leo saruji na mabati hufika kwa reli na kwa malori. Kanuni zinazohusu vitu hivyo hazisafiri pamoja navyo. Hupitia ofisi moja baada ya nyingine, na katika kila ofisi zinaweza kutuliwa na kusahaulika.

Kiwango na kanuni

Maneno haya mawili huchanganywa mara nyingi, hata katika matangazo rasmi. Kiwango ni maelezo ya kitaalamu kuhusu bidhaa: bomba liwe na unene gani, saruji iwe imefikia nguvu gani baada ya siku 28. Hapa nchini viwango huandaliwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975 na ambalo sasa linafanya kazi chini ya Sheria ya Viwango Na. 2 ya mwaka 2009. Kamati zenye wawakilishi wa wazalishaji, watumiaji, vyuo na Serikali huandika rasimu, umma hutoa maoni, kisha kiwango huidhinishwa. Baadhi huchukuliwa kutoka viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kikitangazwa na Waziri katika Gazeti la Serikali kuwa cha lazima, ni kosa kuzalisha, kuingiza nchini au kuuza bidhaa isiyokidhi.

Kanuni ya ujenzi, kwa upande wake, huamuru namna ya kuzitumia bidhaa hizo na humtaja mwenye wajibu wa kukagua. Tofauti hii ina madhara makubwa. Bomba lenye alama ya ubora likilazwa kando ya shimo la choo halijavunja kiwango chochote cha bomba. Mgao wa maji ukikatika, mgandamizo ndani ya bomba hushuka, na mahali palipopasuka huvuta maji machafu ya ardhini. Maji yanaporudi, uchafu huo huingia kwanza katika ndoo ya kunywa. Muuzaji hakukosea, na mtengenezaji hakukosea. Kosa limefanyika mtaroni, mahali ambapo kiwango cha bidhaa hakifiki.

Mfano wa floraidi

Historia ya maji ya kunywa inaonyesha vizuri jinsi safari hii ilivyo ndefu. Viwango vya muda vya mwaka 1974 viliruhusu hadi miligramu 8 za floraidi katika lita moja ya maji ya vijijini, ilhali Shirika la Afya Duniani linapendekeza zisizidi 1.5. Floraidi nyingi huacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto, na mtu akiinywa kwa miaka mingi huharibu mifupa. Hatuwezi kuwalaumu kirahisi waliokubali 8. Sehemu nyingi za nchi hazikuwa na chanzo kingine, na kufunga kisima kungewarudisha wanawake kwenye madimbwi. Baadaye kikomo kikashushwa hadi 4, na sasa ni 1.5.

Hata hivyo, siku kikomo kiliposhushwa, maji yaliyokuwa visimani hayakubadilika. Ilibidi mtu ayapime, mwingine aamue kama kisima kiendelee kutumika, na mwingine atafute fedha za chanzo kipya. Kisima kilichokuwa halali kwa karatasi ya jana kikawa kimezidi kwa karatasi ya leo, na mchotaji huenda hakuambiwa. Ndiyo maana tunamshauri mtumiaji aulize mambo mawili kwa chombo kinachoendesha mradi wa maji kijijini kwake: maji yalipimwa lini mara ya mwisho, na yalilinganishwa na kiwango cha mwaka gani. Swali la pili huulizwa mara chache sana.

Halmashauri na sheria ndogo

Katika ujenzi pengo ni kubwa zaidi. Kwa muda mrefu nchi yetu imesimamia majengo kwa sheria kadhaa badala ya moja: Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007, sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982, pamoja na kanuni za miji zenye asili ya utawala wa Waingereza. Katika eneo lililotangazwa kuwa la mipangomiji, mjenzi huomba kibali cha ujenzi kutoka halmashauri na kuwasilisha michoro. Nje ya maeneo hayo, nyumba nyingi hujengwa bila mchoro wala mkaguzi. Fundi ndiye mhandisi, na mwenye nyumba ndiye msimamizi.

Chombo kinachoweza kuliziba pengo hilo ni sheria ndogo. Halmashauri ya wilaya ikitaka kutunga, hutangaza kusudio lake ili wananchi watoe maoni au mapingamizi, madiwani hujadili na kupitisha, kisha rasimu hupelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya Serikali za Mitaa. Akiidhinisha, huchapishwa katika Gazeti la Serikali. Kijiji nacho kina uwezo wake: halmashauri ya kijiji hupendekeza, mkutano mkuu wa kijiji hujadili, na halmashauri ya wilaya huidhinisha. Njia hii ya pili ni fupi, na kwa mkazi wa Tura ndiyo iliyo karibu, kwa kuwa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano huo.

Majirani zetu wamepitia jambo hili. Kanuni za majengo za Kenya za mwaka 1968 zilitungwa kwa namna ambayo kila baraza la mtaa lilipaswa kuzikubali kwanza ndipo zitumike kwake. Zilidai vifaa ambavyo familia nyingi hazikuweza kuvimudu. Marekebisho ya mwaka 1995 yalifungua mlango kwa vifaa vya bei nafuu, yakiwemo matofali ya udongo yaliyoimarishwa, lakini bado mabaraza yalipaswa kuyapitisha, na mengi yalichelewa. Kanuni mpya ya taifa ilianza kutumika tarehe 1 Machi 2025. Uganda ilichagua mkondo mwingine: Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 iliweka kamati za majengo katika wilaya na miji. Nchini Marekani, kanuni za mfano za mabomba hutolewa upya kila baada ya miaka mitatu, lakini kila jimbo au mji huamua lini lihamie toleo jipya, na mengine hubaki nyuma kwa matoleo kadhaa. Ucheleweshaji, basi, si ugonjwa wa nchi maskini peke yake.

Kwa maoni yetu, kijiji kinachotaka kutunga sheria ndogo ya ujenzi kisianze na aina ya tofali. Kanuni inayomdai mkulima wa tumbaku ajenge kama mkazi wa Masaki haitatekelezwa, na ofisa atakayeisimamia atapata mwanya wa kudai chochote. Kianze na mambo ya gharama ndogo yanayogusa uhai. Choo kikae mbali na kisima. Kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu wa afya ni mita 30 au zaidi, na upande wa mteremko nao uangaliwe. Bomba la maji safi lisipite ndani ya shimo wala mtaro wa maji machafu. Na mtaro wa bomba usifukiwe kabla ya mtu aliyeteuliwa kuutazama. Hili la mwisho ndilo tungelipigania zaidi, kwa sababu baada ya kufukia, kosa hugunduliwa ama kwa bili ama kwa kuhara. Kwa kawaida bomba lililo baada ya dira ni mali ya mteja, hivyo maji yanayovuja hapo dira imekwisha kuyahesabu.

Dukani

Huku kanuni zikisubiriwa, viwango vya bidhaa tayari vinamlinda mnunuzi anayejua kusoma maandishi yake. Namba 32.5 au 42.5 kwenye mfuko wa saruji hueleza nguvu yake baada ya siku 28. Ya 42.5 hutumika zaidi kwenye nguzo na zege linalobeba uzito, na ya 32.5 hutosha kwa kujengea tofali na kupiga lipu. Kwa bati, namba ya geji hupotosha wengi: kadiri inavyokuwa kubwa, bati huwa jembamba, hivyo geji 32 ni jembamba kuliko geji 28, hata kama bei ni ileile. Bomba la plastiki huandikwa ubavuni jina la mtengenezaji, kipenyo, namba ya kiwango na daraja la mgandamizo. Maandishi PN 10 yanamaanisha kwamba linahimili mgandamizo sawa na wa maji yaliyosimama kwenda juu takriban mita 100. Bomba lisilo na maandishi yoyote lisinunuliwe, hata fundi akilisifu.

Mwenye nyumba adai risiti inayotaja aina ya bidhaa, si neno «vifaa» peke yake. Kabla ya mtaro kufukiwa, apige picha maandishi ya bomba na maungio yake, kisha aihifadhi pamoja na risiti. Malalamiko kuhusu ubora wa bidhaa yapelekwe TBS. Yanayohusu mahali ilipojengwa au ilipolazwa yaanze kwa mtendaji wa kijiji. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu, na pendekezo la sheria ndogo likifikishwa mapema kwa mtendaji linaweza kuingizwa katika ajenda ya mkutano unaofuata.