Somo la Sheria: Talaka ya Mapatano Bila ya Wakili

Leo twataka kueleza jambo ambalo huwatia watu wengi hasara kwa kutolijua, nalo ni talaka ya mume na mke waliokwisha kukubaliana kuachana.

Watu wengi huifanya hivi. Wakishindwana, wazee wa pande mbili hukutana, maneno husemwa, mahari hurudishwa yote au baadhi yake, na mwanamke hurudi kwao. Siku hiyo kila mtu huondoka akidhani kwamba ndoa imekwisha. Lakini kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ndoa ingali ipo. Kuridhiana hakuivunji, ng'ombe waliorudishwa hawaivunji, wala karatasi iliyoandikwa mbele ya wazee haiivunji. Mwenye kuivunja ni mahakama.

Tazameni madhara yake. Tuseme mwanamke huyo aolewa tena huko Laela. Ndoa hiyo ya pili haina nguvu, kwa kuwa sheria hairuhusu mwanamke mwenye ndoa kuolewa na mwingine. Mume wa pili akifa, ndugu zake waweza kusema, "Huyu hakuwa mke," na shamba alilolilima miaka kumi likawa mashakani. Hakutenda kwa moyo mbaya. Alikosa njia tu. Na njia yenyewe mtu aweza kuipita bila ya kuajiri wakili.

Kwanza, nendeni barazani. Sheria yataka shauri la ndoa lipelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, ambalo latakiwa kuwapo katika kila kata. Hata kama hamna ugomvi, baraza halirukwi. Wajumbe huwasikiliza wote wawili na kujaribu kuwapatanisha. Wakishindwa, huandika hati ya kuonyesha hivyo. Hati hiyo ndiyo ufunguo wa mlango wa mahakama. Asiye nayo hurudishwa, au hukumu yake huja kutenguliwa baadaye katika rufani. Tena hati ina muda wake: maombi ya talaka hayana budi kupelekwa kabla ya miezi 6 kupita tangu ilipotolewa. Mtu akipewa hati mwezi wa Novemba, mvua zinapoanza, akaiweka sandukuni mpaka amalize kuvuna mahindi mwezi wa Juni, ataikuta imekwisha nguvu.

Wako waliosamehewa baraza, kama vile yule ambaye mwenzake amemtoroka wala hajulikani aliko, au ambaye mwenzake ameitwa na baraza akakataa kusudi kuja. Na ndoa isiyotimiza miaka 2 haiombewi talaka ila kwa ruhusa ya mahakama, kwa sababu ya mateso yaliyozidi.

Pili, andikeni maombi. Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu zote zina uwezo wa kusikiliza shauri hili. Kwa watu wengi Mahakama ya Mwanzo ndiyo iliyo karibu, na mambo yake huendeshwa kwa Kiswahili. Katika maombi tajeni siku na mahali mlipofunga ndoa, majina na umri wa watoto, sababu za ndoa kuvunjika, na mambo mnayoomba. Kadhalika andikeni mapatano yenu yote juu ya mali na matunzo: nani achukue nyumba, shamba, au ng'ombe. Hati ya baraza iambatane na maombi hayo.

Tatu, jiandaeni kwa maswali. Msidhani kwamba kwa kuwa wote wawili mwasema "ndiyo", hakimu naye atasema "ndiyo". Yampasa aridhike kwamba ndoa imevunjika kabisa, wala haiwezi kutengenezwa. Ushahidi waweza kuwa ukatili, uzinzi, kutoroka, au kuishi mbalimbali kwa hiari kwa miaka 3 au zaidi. Semeni kweli, wala msitunge uongo ili shauri liende upesi. Juu ya watoto, hakimu hutazama kwanza manufaa yao; na mtoto aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa yafaa akae na mama yake, isipokuwa iko sababu nyingine. Baba hapungukiwi na wajibu wa kumlisha mtoto kwa sababu ya talaka.

Wanawake wasikilize neno hili. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi ya nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Basi mwanamke asikubali kutoka mikono mitupu kwa kuambiwa kwamba hakuleta fedha.

Kwa Wakatoliki, ambao ni wengi hapa kwetu, fahamuni kwamba mambo haya ni mawili. Hukumu ya mahakama ya serikali haiondoi sakramenti, wala uamuzi wa Kanisa hauvunji ndoa mbele ya serikali. Kadhalika Mwislamu aliyekwisha kutamka talaka hana budi kupita barazani na mahakamani.

Asiyeridhika na hukumu aweza kukata rufani Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake Sumbawanga, katika siku 45. Asiyejua kuandika atafute msaidizi wa kisheria, kwa maana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua watu hao ili wawasaidie wasio na uwezo bila ya malipo.

Basi, enyi wenyeviti na wazee, kikao cha kurudisha mahari kikiisha, msiwaache watu waende zao. Waulizeni, "Hati ya baraza iko wapi? Na hukumu ya mahakama je?" Wasipokuwa nazo, waambieni wazi kwamba wao wangali mume na mke, na waonyesheni njia ya kwenda barazani.