Difu ya Pikapu ya Kikundi: Msichanganye Shimu



Gari likianza kulia nyuma, uuu, kila dereva akikanyaga mafuta, jueni difu inaita. Pikapu zetu za Likoni, Kisauni na Changamwe hubeba mchanga, mitungi ya maji na samaki, mara nyingi kupita uzito wake. Na maji ya chumvi yakipenya kwenye ekseli, oili hugeuka kama chai ya maziwa. Beringi hazidumu hapo.

Pikapu ya kikundi chetu ilitengenezwa difu, tukalipa, tukafurahi. Wiki tatu hazikupita ikalia tena, na safari hii meno ya krauni yalikuwa yamemeguka. Kumbe fundi alitia beringi mpya nzuri kabisa, lakini shimu alizimwaga zote kwenye kopo moja, kisha akarudisha zilizomjia mkononi. Michango ya miezi mingi ikaenda hivyo.

Shimu ni pete nyembamba za chuma. Ndizo zinazoweka pinioni, ile gia ndogo inayozungushwa na propela, mahali pake hasa mbele ya krauni, gia kubwa. Ikikosea hata sehemu ndogo ya milimita, meno hulana.

Basi, kabla ya kufungua, pigeni alama kofia za beringi, ya kulia na ya kushoto, maana hazibadilishani. Shimu ya pinioni ikitoka, ipimeni kwa maikromita, muandike unene wake. Za pembeni fungeni kwa waya, kila upande peke yake. Gari nyingine hazina shimu pembeni, zina nati pana za kuzungusha.

Beringi na kikombe chake ni mume na mke, msizitenganishe. Krauni na pinioni vilevile: zilisagwa pamoja kiwandani, kwa hiyo msikubali kuuziwa moja. Beringi iingizwe kwa presi au kwa bomba linalokaa kwenye ukingo wa ndani. Akigonga kwa nyundo pale penye roli, mwambieni asimame.

Sasa kipimo chenyewe. Pakeni meno machache ya krauni rangi nzito, zungusheni pinioni huku mtu akiizuia krauni kidogo kwa mbao. Alama ikikaa katikati ya jino, ni sawa. Ikikaa juu nchani, pinioni iko mbali, yataka shimu nene zaidi. Ikikaa chini kwenye shina, imeingia mno, yataka nyembamba. Hii ni kwa difu ambazo shimu hukaa kati ya kichwa cha pinioni na beringi, kama Toyota Hilux nyingi. Kazi hii hufunguliwa na kufungwa mara tatu, mara nne. Fundi anayepata mara ya kwanza ana bahati, au hakupima.

Halafu mwanya kati ya meno. Kwa Hilux nyingi za zamani ni milimita 0.13 hadi 0.18, kwa gari jingine fuateni kitabu chake. Kutikisa kwa mkono na kusema "iko sawa" hakutoshi, itumike geji ya saa, na ipimwe sehemu tatu au nne kuzunguka krauni. Kama gereji haina, ulizeni chuo cha ufundi kilicho karibu.

Nati ya pinioni ina jambo lake. Difu nyingi zina bushi ya ndani inayobonyea nati ikikazwa. Ikikazwa kupita kiasi, msilegeze ati irudi. Bushi hiyo imekwisha, nunueni nyingine. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na krauni.

Mnapopatana bei na fundi, semeni mapema kwamba wawili wenu watakuja kuona rangi kwenye meno kabla kifuniko hakijafungwa. Tieni oili ya gia namba 90 ya difu, si ya injini. Siku za kwanza bebeni mzigo mwepesi, na baada ya kilomita 1,000 mwageni oili hiyo kwenye karai safi, mtazame kama ina vipande vya chuma.