Ramani za Mashamba ya Wanachama: Makosa Yanayowasumbua Makatibu na Namna ya Kuyatengeneza

Kazi ya katibu wa chama cha msingi imeongezeka. Zamani daftari la wanachama, kitabu cha mizani na leja ya madeni vilitosha kuonyesha kahawa imetoka kwa nani na imelipwa kiasi gani. Siku hizi mnunuzi huuliza na jambo jingine: kahawa hiyo imetoka katika shamba lipi, na shamba hilo liko wapi juu ya uso wa dunia. Chanzo kikubwa cha swali hilo ni sheria ya Umoja wa Ulaya namba 1115 ya mwaka 2023, inayokataza kuingizwa katika nchi za Umoja huo kahawa, kakao na mazao mengine kadhaa yaliyolimwa katika ardhi iliyofyekwa misitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Tarehe ya kuanza kutumika kwa sheria hiyo imesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini wapo wanunuzi ambao hawakungoja. Kwa shamba lisilozidi hekta 4 sheria inaridhika na nukta moja ya mahali. Shamba linalozidi hapo sharti lichorwe mipaka yake yote. Namba za latitudo na longitudo ziandikwe kwa tarakimu sita baada ya nukta.

Kihamba cha Kilimanjaro aghalabu hakifiki hata hekta 2. Kwa hiyo katibu wa huko aweza kudhani kwamba kazi yake ni nyepesi, maana kila mwanachama atahitaji nukta moja tu. Si nyepesi hata kidogo. Nukta moja ikikosewa hapana nukta ya pili ya kuisahihisha, na mwanachama aliyerithi kihamba cha babu yake kwa haki aweza kuonekana katika karatasi kuwa amelima ndani ya msitu wa hifadhi. Kahawa yake itakataliwa, naye hatajua kwa nini.

Programu ifaayo kwa kazi hii ni QGIS. Ilianzishwa mwaka 2002 na Gary Sherman wa Marekani, nayo ni programu huria: chama hakitozwi hata senti kwa kuipata, kuitumia au kuwagawia vyama vingine. Upungufu wake ni kwamba hapana muuzaji wa kulalamikiwa mambo yanapokwama. Hata hivyo mikwamo mingi inayowapata makatibu haitoki katika programu. Hutoka katika namba zilizoandikwa kijijini.

Shamba lililohamia Hispania

Na ichukuliwe mfano wa kihamba kilichopo miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, penye latitudo -3.25 na longitudo 37.30. (Namba hizi zimefupishwa kwa ajili ya somo.) Katibu anaziingiza katika jedwali, analifungua jedwali katika QGIS, na tazama, kihamba kimeonekana Hispania, karibu na mji wa Guadix katika jimbo la Granada. Sababu ni kwamba wanadamu wamezoea kutaja latitudo kwanza, lakini programu huomba kwanza X, nayo X ni longitudo. Safu mbili zimebadilishana. Dawa yake ni kulifungua jedwali upya na kuchagua safu sahihi kwa kila herufi.

Iwapo kihamba kimeonekana kaskazini ya Kenya, upande wa jangwa la Chalbi, basi alama ya kutoa imeachwa mbele ya latitudo. Tanzania yote iko kusini ya Ikweta, na kwa programu kusini huandikwa kwa alama hiyo. Na mashamba yakirundikana mahali pamoja baharini, kusini ya Ghana, ijulikane kwamba mwandishi alijaza sifuri pale ambapo hakupata kipimo. Penye sifuri na sifuri pana maji matupu. Asiye na kipimo aache nafasi wazi.

Makosa hayo matatu hayana hatari kubwa, kwa kuwa hujitangaza yenyewe. La kuogopwa ni lile ambalo shamba huhama kidogo. Simu nyingine huonyesha mahali kwa digrii na dakika, nyingine kwa digrii na desimali. Kihamba chetu cha mfano kipo digrii 3 na dakika 15 kusini, digrii 37 na dakika 18 mashariki. Mwandishi asiyeangalia akiandika 3.15 na 37.18, kihamba kimehama kilomita 17 kuelekea upande wa Siha, na ramani bado inapendeza machoni, maana nukta ingali juu ya mlima uleule. Dakika hugawanywa kwa 60 kabla ya kuandikwa kama desimali: 15 kwa 60 ni 0.25, na 18 kwa 60 ni 0.30. Vilevile wako wanaokata tarakimu ili safu ionekane nadhifu. Tarakimu mbili baada ya nukta maana yake ni hatua za kilomita moja na zaidi. Kwa hatua hizo mwanachama huingizwa kijiji kingine. Tarakimu sita hufikia kiasi cha sentimita 11, na ingawa simu haipimi kwa uhakika huo, namba iachwe kama ilivyotoka katika simu.

Njia rahisi ya kuwanasa wakosaji ni kulipanga jedwali kwa latitudo, ndogo hadi kubwa, halafu kwa longitudo. Tanzania Bara huishia karibu -1 kaskazini na karibu -12 kusini, na longitudo zake ziko baina ya 29 na 41. Kwa chama kimoja mipaka ni finyu zaidi. Walio juu kabisa na chini kabisa ya orodha ndio wa kutazamwa kwanza.

Jina la gunia na kilichomo ndani

Jambo lililowashinda wengi kuliko yote ni mfumo wa vipimo. Simu hutumia mfumo uitwao WGS 84, ambao katika QGIS hutafutwa kwa namba 4326. Ramani za serikali za zamani, zile za kipimo cha 1:50,000, zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, unaohesabu kwa mita. Kwa Kilimanjaro namba yake ni 21037. Namba za mahali zilizosomwa katika ramani hizo huwa ndefu, kwa kihamba cha mfano kama 311000 na 9640000.

Programu ina amri mbili zinazofanana kwa jina na kutofautiana kabisa kwa kazi. Amri ya kwanza huiambia programu kwamba namba hizi ni za mfumo fulani. Haizigusi namba zenyewe. Amri ya pili, ya kusafirisha tabaka kwenda faili jipya, huzipiga hesabu upya na kuziandika kwa mfumo mwingine. Katibu anayetaka kugeuza Arc 1960 kuwa WGS 84 akatumia amri ya kwanza amebandika jina jipya juu ya gunia, na kahawa iliyomo ni ileile. Tabaka lake litatoweka, maana hapana digrii 311000 duniani.

Kutoweka si taabu, kutahadharisha. Taabu ni pale mfumo wa Arc 1960 unapochanganywa na nduguye wa WGS 84 unaohesabu pia kwa mita, namba 32737. Hapo kila kitu husogea kama mita 300 tu. Nukta zilizosomwa katika ramani ya zamani, zikiitwa za WGS 84, husogea kaskazini, na kwa vijiji vya miteremko ya kusini kaskazini ndiko uliko msitu. Mita 300 zatosha kabisa kuwavukisha wanachama wa mstari wa juu. Vyama vya Kagera na Mbinga vikumbuke kwamba viko katika kanda ya 36, si ya 37. Kihamba cha Kilimanjaro kikisomwa kwa kanda ya 36 hupelekwa baina ya Bukombe na Kakonko.

Kuhusu ukubwa wa shamba maneno ni machache. Ikiwa programu imetoa jibu kama 0.0000008, haikukosea, imehesabu kwa digrii za mraba, na hiyo ni karibu hekta moja. Tabaka lisafirishwe kwanza kwenda mfumo wa mita, ndipo eneo lihesabiwe na kugawanywa kwa 10,000 kupata hekta. Hekta moja ni ekari 2.47.

Namba za uanachama

Mara nyingi orodha ya mashamba haikubali kuunganishwa na daftari la wanachama, na majina hubaki matupu. Katika daftari mwanachama ni 0457. Jedwali la kompyuta limeona sifuri ya mbele haina maana, likaandika 457. Kwa programu hao ni watu wawili. Safu ya namba za uanachama iwekwe kuwa maandishi, si hesabu, katika majedwali yote mawili, na nafasi tupu zilizoachwa nyuma ya namba zifutwe. Kadhalika asiyeandika nukta ya desimali bali mkato, kama -3,25, atakuta programu haioni namba hapo.

Mipaka ya majirani

Mipaka huchukuliwa kwa kutembea na simu kuzunguka shamba. Mtembeaji akikata njia yake mwenyewe, umbo huwa kama tarakimu nane, na eneo hutoka dogo kuliko kweli kwa sababu vipande viwili hutoana. QGIS inacho chombo cha kutengeneza maumbo yaliyoharibika, lakini chombo hicho hakikuwapo shambani. Kitaligawa umbo katika vipande viwili na kunyamaza. Afadhali mtu arudi akatembee upya.

Zito zaidi ni mashamba mawili yanapolaliana. Simu hukosea mita kadhaa mahali pa wazi, na zaidi ya hapo chini ya migomba na miti ya kivuli. Kihamba cha mita 70 kwa 70, kosa la mita 5 upande mmoja humwongezea mwenyewe mita za mraba 350, na huenda ni za jirani yake. Hapa ndipo penye kishawishi kikubwa. Kwa kipanya mstari husukumwa mara moja, ramani ikawa safi, chama kikapeleka taarifa kwa wakati. Mkaguzi akikuta tarakimu iliyofutwa katika kitabu cha mizani huuliza, kwa kuwa anaona mkwaruzo. Mstari uliosukumwa hauna mkwaruzo. Miaka kumi baadaye watoto wa jirani mmoja watauleta mbele ya baraza kama ushahidi dhidi ya watoto wa mwingine, na aliyeusukuma hatakuwapo.

Kwa hiyo pande zote mbili ziitwe, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, watembee kando ya masale au alama nyingine ya mpaka, na kipimo cha pili kiandikwe kando ya cha kwanza bila kukifuta. Ikionekana kwamba wenyewe hawapatani, mashamba yaandikwe kuwa yana mgogoro. Ramani ya chama si hati ya ardhi wala haina mamlaka ya kugawa urithi, na wanachama waambiwe hivyo katika mkutano mkuu kabla simu haijaingia shambani.

Kupeleka ramani chama kikuu

Faili la shepu si faili moja. Huwa na ndugu wasiopungua watatu, wenye miishio shp, shx na dbf, na wa nne, prj, hubeba jina la mfumo wa vipimo. Anayetuma shp peke yake ametuma jalada bila kitabu. Tena majina ya safu hukatwa yakizidi herufi 10: jina_la_mwanachama na jina_la_mwenzi yote huwa jina_la_mw, na ya pili hupachikwa tarakimu isiyoeleweka. Ni heri kutumia faili la GeoPackage, ambalo huchukua yote pamoja.

Faili la mradi wa QGIS, lenye mwisho qgz, hukumbuka tu mahali data zilipowekwa. Data zenyewe hazimo. Likihamishwa peke yake kwenda kompyuta ya chama kikuu, programu italalamika kwamba matabaka hayapatikani. Mradi na data vikae katika folda moja, na folda nzima ndiyo inakiliwe. Jedwali la awali lililotoka katika simu, kabla ya masahihisho yoyote, liwekwe katika folda ya pili isiyoandikwa kitu, nakala yake ikae ofisi ya chama kikuu.