Mwanao ana miaka 14 na anataka tenisi iwe kazi yake

Tuseme unaishi Ziwa la Ng'ombe na mwanao, aliyetimiza miaka 14 juzi, amerudi nyumbani na raketi ya kuazima. Ametazama mechi kwenye simu ya rafiki, amepiga mpira ukutani wiki mbili tatu, na sasa anasema anataka kuwa mchezaji wa kulipwa. Wewe karo ya muhula ujao bado hujaimaliza. Utamjibu nini bila kumvunja moyo, na bila kumdanganya?

Ukweli mchungu uje kwanza. Wengi unaowaona kwenye runinga walishika raketi wakiwa na miaka minne, mitano au sita. Angella Okutoyi, Mkenya anayetajwa zaidi katika mchezo huu siku hizi, alianza akiwa na miaka minne jijini Nairobi, akilelewa na nyanya yake pamoja na dada yake pacha. Januari 2022 alishinda mechi katika mashindano ya chipukizi ya Australian Open. Julai mwaka huohuo, yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walitwaa taji la wasichana wawili wawili Wimbledon, akawa Mkenya wa kwanza kushinda taji la Grand Slam katika ngazi ya chipukizi. Machi 2024 akaleta dhahabu ya Michezo ya Afrika kutoka Accra. Hakutoka nyumba ya kitajiri, na hilo litie moyo. Lakini kufikia Wimbledon alikuwa na miaka zaidi ya 10 ya mazoezi mgongoni. (Mmoja wa wasichana waliofungwa kwenye fainali ile ni Victoria Mboko wa Kanada, ambaye wazazi wake wametoka Kongo. Agosti 2025 alishinda mashindano makubwa ya wanawake Montreal.)

Je, yupo aliyechelewa akafika? Yupo. Althea Gibson wa Harlem, New York, alianza tenisi ya korti kamili akiwa na miaka 13 hivi. Mwaka 1956 alishinda mashindano ya Ufaransa, na 1957 Wimbledon. Hata hivyo, soma habari yake vizuri. Kabla ya hapo alikuwa amecheza kwa miaka barabarani mtaani kwao mchezo unaofanana na tenisi, wenye vibao vifupi na uwanja mdogo, na akiwa na miaka 12 alikuwa bingwa wa jiji katika mchezo huo. Macho, miguu na mkono vilikuwa tayari vinaujua mpira. Kwa hivyo muulize mwanao, na ujiulize wewe: amekuwa akifanya nini hadi sasa? Kijana aliyecheza mpira wa mikono, kriketi au badminton shuleni, au soka kila jioni, haanzii sifuri. Aliyekaa tu ataanzia mbali zaidi.

Jambo la pili ni kalenda, na hapa ndipo wazazi wengi huchanganyikiwa. Mashindano ya kimataifa ya chipukizi yanayosimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, huanza mtoto akiwa na miaka 13 na humalizika mwisho wa mwaka anaotimiza 18. Aliyeanza na 14 ana misimu minne hivi, na wa kwanza wote utaisha akijifunza kuuvusha mpira wavuni. Hawezi kupita ngazi zote kwa muda huo kwa kucheza Jumamosi pekee. Wala asiongezewe saa kiholela. Madaktari wa michezo wana kipimo rahisi: saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wake kwa miaka, na angalau siku moja ya wiki apumzike kabisa. Bega na kiwiko cha mtoto anayekua vikiharibika, mwaka mzima unapotea.

Sasa pesa. Mlango wa chini kabisa wa tenisi ya kulipwa kwa wanaume ni mashindano yanayoitwa M15, yenye zawadi ya jumla ya dola 15,000. Bingwa wa mchezaji mmoja mmoja hupata dola 2,160, takriban shilingi 280,000, na kuzipata lazima ashinde mechi tano mfululizo. Anayefungwa raundi ya kwanza huondoka na dola 156, kama shilingi 20,000 hivi, kabla ya kodi. Nauli, chumba, chakula na nyuzi za raketi ni juu yake mwenyewe. Piga hesabu ya safari moja ya Kigali au Kampala, uone kinachobaki. Kwa wasichana mlango wa chini unaitwa W15, na hesabu yake haina raha zaidi. Mtu akikwambia mwanao ataanza kulisha nyumba kwa tenisi akiwa na miaka 18, muombe akuonyeshe hesabu hiyo kwa karatasi.

Mbona basi tunaandika? Kwa sababu kati ya korti ya mtaani na M15 kuna barabara nyingine, na kwa kijana aliyechelewa ndiyo yenye mantiki zaidi. Vyuo vikuu vya Marekani hutoa ufadhili kwa wachezaji wa tenisi. Okutoyi mwenyewe alikwenda kucheza na kusoma Auburn University. Paul Wekesa, aliyefika nafasi ya 100 duniani mwaka 1995 na ambaye bado ndiye kipimo cha tenisi ya wanaume Kenya, naye alipitia tenisi ya vyuo vya huko. Kocha wa chuo hutazama vitu viwili kwa pamoja: kiwango cha mchezo na alama za shule. Kijana mwenye alama mbaya za sekondari na pigo zuri anaweza kukosa nafasi ambayo mwenye alama nzuri na pigo la wastani ataipata. Kwa maneno mengine, karo ile unayohangaikia ni sehemu ya gharama ya tenisi. Usiihamishie kwenye raketi.

Ukifika hapo na bado kijana anang'ang'ania, aanze hivi.

Raketi ya mitumba inatosha mwaka wa kwanza, mradi fremu haina ufa na mpini unamtosha mkononi. Nyuzi za nailoni ni bei nafuu na ni laini kwa kiwiko. Mipira ya kawaida hupoteza mdundo wiki chache baada ya kopo kufunguliwa, kwa hivyo kwa mazoezi ya ukutani tafuta ile isiyotegemea hewa ya ndani, hukaa muda mrefu. Kwa mwezi wa kwanza, mipira yenye alama ya kijani, inayokwenda polepole kwa robo hivi, humpa mwanafunzi muda wa kujipanga.

Korti hazijajaa upande wetu wa bara. Wengi watalazimika kuvuka Daraja la Nyali hadi kisiwani, ambako Mombasa Sports Club ina korti, na klabu yoyote ina masharti yake ya uanachama, kwa hivyo uliza kwanza kama kuna saa za chipukizi. Lakini siku nne kati ya tano ukuta unatosha. Chora kwa chaki mstari wa sentimita 91 kutoka chini, ndio urefu wa wavu katikati. Asimame mita saba hivi na ahesabu mapigo yanayopita juu ya mstari bila kukosea. Akifikisha 20, arudi nyuma hatua mbili. Akifikisha 50, mwambie apige upande wa pili wa mwili pekee, ule usio wa mkono wa raketi, kwa maana huko ndiko kila mpinzani atampeleka.

Pigo la kuanzisha ndilo pekee ambalo hakuna mtu wa kumsumbua. Ashike raketi kama anavyoshika nyundo ya kugongea msumari, siyo kama kikaango. Ni tabu wiki ya kwanza na mkono utakataa. Asiachie, kwa kuwa aliyezoea mshiko wa kikaango akiwa na miaka 14 huwa bado anahangaika kuuvunja akiwa na 17. Jua letu linajulikana, kwa hivyo ni alfajiri au baada ya saa kumi jioni, na chupa ya maji iwe kando.

Njia ya mashindano huanzia shuleni. Tenisi imo katika michezo ya shule za sekondari, kuanzia kaunti ndogo hadi kitaifa na Afrika Mashariki, na mwalimu wa michezo ndiye anayesajili. Mashindano ya wazi na ya chipukizi nchini yako chini ya Tennis Kenya. Kwa yale ya ITF mchezaji hufungua akaunti yake mwenyewe mtandaoni na kupewa nambari. Nafasi haiuzwi na mtu yeyote. Anayeomba pesa "ashikilie nafasi" ya mashindano au ya ufadhili wa Marekani, usimpe. Kocha anayetaka kusafiri na mtoto akuandikie ratiba, mahali pa kulala na nani mwingine yupo, na mzazi aruhusiwe kutazama mazoezi bila kutoa taarifa. Anayekataa hilo, tafuta mwingine.

Weka kipimo mapema, tena mkubaliane nacho wote wawili. Mwisho wa miezi 12, je, anacheza seti nzima dhidi ya wenzake wa shule na anashinda baadhi? Akifikisha 16, je, anapita ngazi ya kaunti? Jibu likiwa ndiyo, zungumzeni juu ya mashindano ya Nairobi na alama za shule. Likiwa hapana, bado kuna kozi za ukocha na za uamuzi, na watoto wadogo wa Ziwa la Ng'ombe watahitaji wa kuwafundisha kushika raketi kama nyundo wakiwa na miaka minne.