SOMO: SHAHIDI ALIYECHELEWA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, leo tunaitazama mas-ala moja ya ukadhi: mdai akimleta shahidi wake baada ya kupita muda aliowekewa, je, asikilizwe au arudishwe?

Asili inajulikana: ushahidi ni juu ya mdai, na yamini ni juu ya mwenye kukana. Lakini shahidi huenda yuko safarini. Kwa ajili hiyo, katika barua mashuhuri inayopokewa kuwa Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alimwandikia Abu Musa Al-Ash-ari, mdai ambaye ushahidi wake uko mbali huwekewa muda. Akiuleta hupewa haki yake. Akishindwa, hukumu humwelekea. Muda huo ni rehema kwa mdai, na pia ni kinga kwa mdaiwa, asiburutwe barazani mwaka baada ya mwaka.

Basi muda ukipita, kadhi huangalia mambo matatu.

La kwanza ni udhuru. Maradhi na safari si sawa na uzembe au hila.

La pili ni ujuzi wa mdai. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya mtu aliyemwapisha mwenzake, kisha akaleta mashahidi. Wengi wamewakubali, kwani yamini hukata ugomvi wala haiondoi haki. Imam Malik amekataa ikiwa mdai aliwajua mashahidi wake, nao wapo, akawaacha kwa hiari yake.

La tatu, nalo husahauliwa, ni haki ya mdaiwa. Mtume (s.a.w.) alimfundisha Sayyidna Ali asihukumu mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Kumsikiliza ni pamoja na kumpa nafasi ya kumchunguza shahidi na kumtia ila akiwa nayo.

Nakumbuka kesi moja ya mwanzo wa ukadhi wangu. Mtu alidai riali 900. Shahidi wake wa pili alifika siku kumi baada ya muda, akitoka safari. Nilimsikiliza, nikaridhika, nikahukumu papo hapo. Mdaiwa alisema: "Sheikh, mtu huyu simjui. Nipe siku chache nimuulizie." Sikumpa. Baadaye ikadhihiri kwamba shahidi yule ni mshirika wa mdai katika mali ile ile, na ushahidi wa mwenye kujivutia manufaa haukubaliwi. Niliitengua hukumu yangu, lakini mdaiwa alikwisha kuuza gari lake ili alipe. Kosa langu halikuwa kumsikiliza aliyechelewa, bali kumnyima mwenzake siku zake.

Nasi tuliotawanyika Maskati, Dubai, Unguja na London, mashahidi wa deni moja huenda wakawa katika nchi tatu. Basi andikeni madeni yenu na mshuhudishe, kama ilivyoamrishwa katika Suratul Baqara, aya ya 282. Mkifika mbele ya kadhi, siku ya kwanza tajeni mashahidi wenu na mahali walipo. Msiwafiche ili kumshtukiza mwenzenu. Na anayeitwa kushuhudia asikatae wala asifiche, kwani aya ya 283 inatuonya kuwa moyo wa mwenye kuficha ushahidi umeingia katika dhambi.

Mwenyezi Mungu atuongoze kwenye uadilifu. Wallahu aalam.