Daftari la Kilimo Hai: Vidokezo Kabla Mkaguzi Hajapiga Hodi

Huko Usambara Mashariki, juu ya Muheza, kuna mzee aliyenitembeza katika shamba ambalo tangu enzi za baba yake halijaonja dawa ya dukani. Pilipili manga imekwea miti, iliki imetulia kivulini, udongo mweusi unanukia mvua. Mkaguzi aliuliza swali moja tu: kipande cha kando ya kijito kilinunuliwa lini, na aliyekuwa nacho alikuwa akipulizia nini? Mzee hakuwa na karatasi wala jibu. Kipande kile kikaanza kuhesabiwa upya tangu siku ya kwanza. Niliumia sana. Lakini mkaguzi huja mara moja kwa mwaka, na siku nyingine zote 364 anazijua kupitia daftari lako. Vidokezo hivi nimeviandika kwa ajili ya wakulima kama mzee yule, wanaolima vizuri na bado hawajaanza kuandika.

1. Chora shamba kwanza

Karatasi moja na penseli vinatosha. Gawa shamba katika vipande, kila kimoja kipe namba na jina ambalo hata mtoto wa nyumbani analijua: Namba 1 Mwembeni, Namba 2 Kijitoni. Onyesha nyumba, ghala, shimo la mboji na njia ya maji ya mvua. Kisha, kila upande, andika jirani analima nini. Simu inaweza kukupa vipimo vya mipaka kwa setilaiti, na ni vyema uvipate, ila simu haioni kwamba maji ya shamba la nyanya la kule juu yanashukia kwenye iliki yako. Hilo ulichore wewe.

2. Kila kipande kina historia yake, iandike

Kwa mazao ya kudumu kama pilipili manga, karafuu na mdalasini, kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka miaka 3 ya kipindi cha mpito kabla ya mavuno ya kwanza kuuzwa kama zao hai. Kwa mazao ya msimu ni miaka 2 kabla ya kupanda. Marekani wanahesabu miezi 36 kutoka siku kitu kilichokatazwa kilipotumika mara ya mwisho hadi siku ya kuvuna. Kwa hiyo jua mapema unamlenga mnunuzi wa wapi, ndipo uanze kuhesabu.

Ukinunua au kukodi ardhi, muuzaji aandike na kusaini kilicholimwa na kilichopuliziwa miaka 3 iliyopita, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, siku ileile ya kulipana. Siku hiyo ana kila sababu ya kukusaidia. Mwaka mmoja baadaye keshahamia mjini na simu haipatikani.

3. Mpango wa mwaka ni ukurasa mmoja

Uandike kabla mvua za masika hazijaanza: kipande gani, zao gani, linafuata zao gani, mbegu zitatoka wapi, mboji ndoo ngapi. Kipande chenye mahindi, kisha maharage au kunde, kisha mahindi tena, kinajieleza chenyewe kwamba rutuba ya udongo imefikiriwa. Kikiwa na mahindi tupu miaka minne mfululizo, jiandae kwa maswali.

Mbegu ndipo wengi wanaponasa. Punje zenye rangi ya waridi, kijani au buluu kwa kawaida zimepakwa dawa, na kuziosha hakusaidii. Uliza mbegu isiyotiwa dawa, tunza pakiti pamoja na risiti. Mbegu hai isipopatikana, kanuni za Marekani na za Ulaya zina nafasi ya kuruhusu mbegu ya kawaida isiyotiwa dawa, mradi uonyeshe kwamba ulitafuta. Basi andika ulikwenda duka gani, tarehe gani, ukajibiwa nini. Mistari miwili inatosha.

4. Daftari moja, safu tano, siku ileile

Fomu ndefu za kurasa nyingi sizipendi. Nimeona nyingi zikirudi tupu, au zikiwa zimejazwa zote usiku mmoja kwa kalamu moja na mwandiko mmoja usiotetereka. Mkaguzi mzoefu huzitambua kabla hajakaa kitini. Nunua daftari gumu la shule, piga mistari, upate safu tano: tarehe, kipande, kazi, kilichowekwa na kiasi chake, aliyefanya.

Linasomeka hivi: "12 Aprili. Na. 2. Palizi kwa jembe. Hakuna kilichowekwa. Mimi na mke wangu." Au: "19 Aprili. Na. 1. Mboji ya shimo la juu, ndoo 30. Vibarua wawili."

Hayo maneno "hakuna kilichowekwa" yana uzito zaidi kuliko yanavyoonekana. Nafasi iliyoachwa wazi yaweza kumaanisha hukuweka kitu, na yaweza kumaanisha ulisahau. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya neno, liendelee kusomeka, uandike sahihi pembeni. Usichane ukurasa. Na kama macho yamechoka au shule hukuipata, mpe mtoto au mjukuu kazi hiyo kila jioni baada ya chakula. Wewe unasimulia, yeye anaandika. Nyumba kadhaa ninazozijua zinafanya hivyo, na madaftari yao ni kati ya bora niliyowahi kushika.

Risiti zote zikae kwenye bahasha moja iliyobandikwa jalada la nyuma. Daftari likijaa usilitupe wala kufungia karanga. Marekani wanataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5.

5. Samadi nayo ina tarehe

Kanuni za Marekani zinasema samadi mbichi iingie shambani siku 120 au zaidi kabla ya kuvuna zao ambalo sehemu yake ya kuliwa inagusa udongo, kama karoti au mchicha, na siku 90 kwa lile lisilogusa. Samadi iliyooza vizuri ndani ya mboji haibanwi na siku hizo, lakini ni lazima uthibitishe kwamba imekuwa mboji kweli: tarehe ya kupanga rundo, vilivyomo, tarehe za kuligeuza, na kama lilipata joto la kutosha. Samadi ya kuku kutoka mabanda makubwa ya biashara usiibebe kabla ya kuuliza, maana Ulaya hawapokei inayotoka kwenye ufugaji wa kiwandani.

6. Andika ulichokiona kabla ya ulichokifanya

Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi viliingia katika mahindi yetu, na watu waliokuwa hawajawahi kushika bomba la kupulizia wakaenda kuliazima. Hofu ya njaa naielewa, nami nina watoto. Ndiyo maana mpango wa wadudu uandaliwe wakati shamba likiwa bado zima: utapita kukagua siku gani, utaokota kwa mkono hadi lini, utatumia nini vikizidi. Daftarini anza na ulichokiona: "Na. 4, mashina 50 yamekaguliwa, 9 yana viwavi." Ndipo ufuate ulichofanya.

Tena, kitu kuwa cha asili hakumaanishi kimeruhusiwa. Kanuni za Marekani zinakataza vumbi la tumbaku, ijapokuwa tumbaku ni jani tu. Hata mwarobaini na utupa, taja unavyoviandaa na uvipitishe kwa taasisi inayokupa cheti kabla hujapulizia.

7. Bomba la jirani libaki kwa jirani

Hata lioshwe mara ngapi. Kama kijiji kina bomba moja, kikundi kinunue la kwake, kilipake rangi ya peke yake. Mpakani acha ukanda wa kinga, uotelee majani marefu au upandwe miti. Upana wake utategemea upepo na mteremko. Kilichovunwa ndani ya ukanda huo kipimwe na kuuzwa kando kama zao la kawaida, na daftari liseme hivyo.

8. Hesabu ya kilo lazima ifunge

Hapa ndipo vyeti vingi hufia, nami ningependa ukisome kidokezo hiki mara mbili.

Pilipili manga mbichi ikikauka hubaki kama theluthi moja ya uzito wake. Tuseme una mashina 100 na umevuna kilo 300 mbichi. Kavu utapata karibu kilo 100. Sasa stakabadhi ya mnunuzi inaonyesha umeuza kilo 180. Zile 80 zimetoka wapi? Labda ni za shemeji aliyeomba umuuzie kwa bei nzuri, na shemeji huyo hayumo kwenye orodha ya wakulima wenye cheti. Kwako ni undugu. Kwa mkaguzi ni zao lisilo na cheti lililoingia gunia lenye cheti, na gunia hilo huenda limeshachanganywa na la wenzako 300.

Kwa hiyo pima mara tatu: mbichi siku ya kuvuna, kavu siku ya kuingiza ghalani, na tena siku ya kuuza. Iliki hupungua zaidi, ikabaki takriban robo au moja ya tano ya uzito wa mbichi. Ulichobakiza kwa chai ya nyumbani, ulichowapa wageni, kilichooza kwa sababu jua lilikataa kutoka wiki nzima, vyote viwe na mstari wake. Hesabu mashina kila mwaka pia, maana mkaguzi atayahesabu.

Na shemeji? Mwandikishe, aanze kipindi chake cha mpito.

9. Gunia lilibeba nini jana?

Usikaushie iliki kwenye kiroba cha mbolea ya chumvichumvi. Turubai na mikeka ya mavuno iwe na kazi hiyo tu. Dawa ya unga ya mahindi isikae chumba kimoja na viungo. Kwa mahindi ya chakula tumia mifuko ya kinga njaa, inayoua wadudu kwa kuwanyima hewa.

Nyumba nayo ni ghala, na hili husahaulika. Mwaka 2008, kaskazini mwa Uganda, nyumba za wilaya za Apac na Oyam zilipuliziwa DDT dhidi ya mbu wa malaria, na baadhi ya wanunuzi wa mazao hai wakaacha kununua huko, kwa kuwa wakulima huhifadhi mavuno ndani wanamolala. Watoto wakingwe na malaria, hilo halina mjadala. Ukisikia wapuliziaji wanakuja, hamisha mavuno kwanza, kisha andika tarehe na ulikoyapeleka.

10. Chagua njia ya cheti unayoimudu

Gharama ya kukaguliwa peke yako inaweza kumeza faida yote, hivyo wengi wetu huingia kwa kikundi chenye wakaguzi wake wa ndani. Kanuni za Ulaya namba 2018/848, zilizoanza kutumika Januari 2022, zinataka kikundi kiwe na usajili wake kisheria na wanachama wasiozidi 2,000. Kama soko lako ni Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, kuna mfumo shirikishi, ambapo wakulima na wanunuzi hukaguana wenyewe kwa kufuata viwango vya kilimo hai vya Afrika Mashariki vya mwaka 2007 na kuweka alama ya Kilimohai. Hata huko daftari ni lilelile.

11. Likitokea kosa, liandike kabla halijagunduliwa

Mama mmoja wa kikundi tulichokuwa tukikihudumia alirudi kutoka msibani akakuta kibarua amepulizia maharage dawa ya dukani kwa nia njema kabisa. Alilia. Kisha akafungua daftari: tarehe, Na. 3, jina la dawa kama lilivyo kwenye chupa, kiasi, aliyepulizia. Kesho yake akampelekea mkaguzi wa ndani. Kipande namba 3 kikatolewa na kuanza upya, maharage yale yakauzwa sokoni kama ya kawaida, na vipande vyake vingine vinne vya viungo vikabaki na cheti. Nilipomtembelea mara ya mwisho, namba 3 ilikuwa na mihogo, na yule kibarua ndiye aliyekuwa ameshika kalamu.