Simu Inanipa Pole Kuliko Dada Zangu

*Shangazi, mama yangu alifariki mwaka jana. Baada ya arobaini kila mtu akarudi kwake. Usiku nikikosa usingizi naliandikia lile roboti la kwenye simu, nalo linanijibu kwa upole. Dada zangu wao ni "jikaze" tu. Mume wangu kaona, anacheka, eti nimechanganyikiwa. Linanihurumia kweli, au linanidanganya? — Mfiwa, Mbagala*

Pole sana, mwanangu. Hujachanganyikiwa. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza programu aliyoiita Eliza. Ilichukua maneno ya mtu na kumrudishia kama swali: ukimtaja mama, inakuuliza habari za familia yako. Basi. Hata hivyo katibu wake, aliyemwona akiitengeneza miezi kadhaa, alianza kuzungumza nayo, akamwomba bosi atoke chumbani. Sembuse wewe, mfiwa, saa nane za usiku?

Programu za siku hizi zimelishwa maandishi ya watu wengi mno, rambirambi zikiwemo, ndiyo maana zinajua mfiwa huambiwa nini. Kisha zikafundwa adabu. Mwaka 2023 jarida la Time liliandika habari za vijana wa Nairobi waliosoma maandishi ya ukatili na ubakaji na kuyawekea alama, kwa chini ya dola 2 kwa saa, ili ChatGPT, mojawapo ya programu hizo, isije ikatoa maneno ya aina hiyo. Wapo waliotoka pale wameumia. Ukiniuliza nani alihisi kitu katika safari nzima ya huo upole, nitakutajia hao.

Jaribu hivi: roboti lako likishakupa pole, liandikie kwamba leo umepokea pesa za mchezo. Papo hapo huenda likashangilia. Dada yako angeuliza kwanza, "Na usingizi je?"

Sikukatazi kuandika, ila siri za ndani ziache. Maandishi yale yanakwenda kwenye kompyuta za kampuni. Mumeo mpe simu asome ulichoandika. Amecheka bila kujiuliza kwa nini hukumwamsha yeye, na hapo mimi nina ugomvi naye. "Jikaze" ya dada zako isikuvunje moyo, ndivyo tulivyolelewa wengi. Mwite mmoja aje alale kwako siku mbili, umwambie wazi kwamba hutaki mawaidha, unataka mtu wa kuzungumza naye habari za mama.

Usingizi ukizidi kukataa, nenda hospitali ya Temeke ukamweleze daktari kila kitu, na hilo roboti pia.